Nyatiti Katika Filamu: Kumkumbuka Ayub Ogada, Mtunzi wa Ziwa Letu



Mada yangu ni marehemu Ayub Ogada, mtunzi wa muziki aliyefariki dunia tarehe 1 Februari 2019 huko Nyahera, Kisumu, kaskazini-mashariki ya ziwa hili hili tunaloliona kutoka gati la Nansio hapa Ukerewe. Huenda wengi wenu mmekwisha kuisikia sauti yake bila kulijua jina lake. Ndiyo kawaida ya watunzi wa muziki wa filamu na televisheni. Mwigizaji tunamjua kwa sura, mwongozaji tunamsikia akihojiwa redioni. Jina la mtunzi hupita mwishoni, kwa maandishi madogo, wakati watazamaji wamekwisha kuinuka na mwenye kibanda cha video anatafuta picha nyingine ya kuweka. Kazi yake hutukaa moyoni miaka mingi, mwenyewe tusimwulize habari.

Hoja yangu ni moja. Ogada alifika mbali kwa sababu hakuihama sauti ya kwao. Nasi tuliobaki kando ya ziwa hatutakuwa tumemkumbuka ipasavyo mpaka sauti za kwetu zisikike katika picha zetu wenyewe, kwa majina ya wenyewe na kwa malipo yao.

Kijana aliyeitwa Job Seda

Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akaitwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa Wajaluo na wanamuziki. Akiwa mtoto wa miaka 6 aliandamana nao kwenda Marekani, ambako walipiga muziki wa Kijaluo mbele ya wanafunzi wa vyuo. Kwa hiyo tangu utotoni aliona jambo ambalo watoto wengi wa Afrika Mashariki wa wakati ule hawakuliona: muziki wa nyumbani ukisikilizwa kwa makini na watu wasioijua hata lugha yake.

Aliporudi Kenya na kukua, alijiunga na vijana wenzake wa Nairobi katika bendi ya Black Savage, iliyopiga magitaa ya umeme kwa mtindo wa vijana wa miaka ya 1970. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band, bendi iliyolelewa na nyumba ya sanaa ya African Heritage mjini Nairobi, mali ya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, na mwenzake Alan Donovan. Katika bendi ile ala za asili zilikaa jukwaa moja na gitaa na saksafoni. Mwaka 1986 akaondoka kwenda Uingereza.

Huko hakupokewa kwa zulia. Alipiga nyatiti katika njia za treni za chini ya ardhi za London, abiria wakipita na kuangusha sarafu. Watu wa tamasha la WOMAD, lililoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake, walimsikia wakamwalika. Mwaka 1993 kampuni ya Real World, ya Gabriel huyo huyo, ilitoa albamu yake iitwayo En Mana Kuoyo. Ndani ya albamu hiyo mna wimbo uitwao Kothbiro. Hapo ndipo habari yetu ya filamu inapoanzia.

Chombo chenyewe

Wenzetu wa Rorya na Shirati wanaijua nyatiti vizuri kuliko mimi, lakini kwa ajili ya vijana nitaieleza. Ni kinanda cha nyuzi 8. Chini kina bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Humo huchomoza miti miwili inayoshika mti wa tatu uliolazwa juu, na nyuzi hufungwa kutoka mti huo wa juu kushuka hadi kwenye bakuli. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia mishipi ya nailoni, ile ile tunayovulia samaki. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, chombo kikiwa kimelala ubavuni mwake. Kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma inayogonga mti wa chombo, na mguuni hufungwa njuga. Mtu mmoja anakuwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja.

Wazee wa Kijaluo husimulia kwamba nyuzi 4 ni za siku 4 za mwanzo za mtoto wa kiume, na nyuzi 4 ni za siku 4 za matanga yake. Anayeujua mpangilio huo hashangai kwamba nyatiti imezoea misiba. Mpigaji huitwa matangani kumtaja marehemu, ukoo wake, tabia yake na madeni ya fadhila aliyoyaacha. Chombo kimelelewa katika kazi ya kusimulia maisha ya mtu aliyeondoka. Nawaomba mlishike hilo, maana ndilo filamu ilikuja kulihitaji.

Ogada aliipiga nyatiti kwa namna yake. Katika rekodi ya Kothbiro hakuna kishindo. Vidole vinatembea taratibu juu ya nyuzi, mzunguko mmoja unarudi na kurudi, na sauti ya mwimbaji ni ya mtu anayesema na watu walio karibu, haijikazi kumfikia wa mbali. Mzee aliyezoea nyatiti ya matangani angeweza kusema kwamba kijana huyu amepunguza mambo mengi mno. Kweli amepunguza, ila kila alichokibakisha ni cha nyatiti.

Kutoka kimya hadi sauti

Mwaka 1985 ilitoka filamu ya Kimarekani Out of Africa, iliyopigwa Kenya, juu ya maisha ya mwandishi wa Denmark Karen Blixen katika shamba lake la kahawa karibu na milima ya Ngong. Muziki wake ulitungwa na Mwingereza John Barry. Barry alikuwa fundi mkubwa, na sina neno baya juu yake. Kwa Out of Africa alipata tuzo ya Oscar, na kabla ya hapo alikwisha kuzipata mbili kwa filamu ya mwaka 1966 iitwayo Born Free, ambayo nayo ni habari ya Kenya, ya simba jike Elsa. Muziki wa Out of Africa ni wa okestra ya Ulaya: fidla nyingi kwa pamoja zinapanda polepole wakati ndege ndogo inaruka juu ya bonde. Ni muziki mzuri, nao unatuambia wazi ni nani anayeitazama nchi ile. Anayeitazama ni mgeni aliyeipenda, yuko juu, anaaga.

Katika filamu hiyo mna kijana anayecheza nafasi ya mtumishi aitwaye Kanuthia. Mwigizaji wake ni Job Seda, yaani Ayub Ogada wetu. Alikuwa mbele ya kamera, mwanamuziki kamili aliyekwisha kuanzisha bendi, na muziki wa filamu ulipita juu ya kichwa chake ukitoka mahali pengine.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2005, ilitoka filamu The Constant Gardener, kutokana na riwaya ya Mwingereza John le Carré iliyochapishwa mwaka 2001. Mwongozaji wake ni Mbrazili Fernando Meirelles. Ilipigwa Kibera mjini Nairobi na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, miongoni mwa sehemu nyingine. Inahusu dawa inayojaribiwa kwa wagonjwa maskini, mwanamke anayeuawa kwa kulifichua jambo hilo, na mumewe, mwanadiplomasia mpole, anayezifuata nyayo zake mpaka kwenye ukweli. Mtunzi mkuu wa muziki ni Mhispania Alberto Iglesias. Aliitengenezea filamu ile muziki wake mwenyewe, lakini Ogada akapewa nafasi ya kuimba kwa sauti yake, kwa Kijaluo chake na kwa nyuzi zake. Safari hii mwana wa ziwa hakuonekana. Alisikika.

Kwa nini wimbo ule ulifaa

Muziki katika filamu una kazi nyingi. Hutupeleka mahali au zama fulani. Hutuonya kwamba jambo linakuja. Huunganisha picha zilizopigwa siku mbalimbali ili zionekane ni tukio moja. Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni kusema kile ambacho mhusika hawezi kukisema. Mtunzi dhaifu huifanya kazi hii kwa kutuamuru tulie. Mtunzi hodari hutuachia nafasi tufike wenyewe.

Kothbiro ni wimbo wa mvua inayokaribia. Mwimbaji anaiona mvua inakuja, anaulizia watoto, anataka ng'ombe warudishwe nyumbani. Kila aliyekulia visiwani humu anaijua hali hiyo: upepo unabadilika, ziwa linakuwa jeusi upande mmoja, na mama anaanza kuita majina. Katika wimbo hakuna neno juu ya dawa wala mwanadiplomasia wa Uingereza. Lakini kiini chake ni mtu anayewaita walio wake warudi kabla hakujaharibika, na filamu ile nzima ni ya mtu anayemwita mke wake ambaye hawezi kurudi tena. Tendo la wimbo na tendo la filamu ni moja. Ndiyo maana mtazamaji wa Madrid au wa Tokyo, asiyejua hata neno moja la Kijaluo, alielewa kwamba kuna anayeitwa, na kwamba anayeita anaogopa.

Iglesias aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu hiyo. Hakuipata, ilikwenda kwa Mwajentina Gustavo Santaolalla kwa filamu Brokeback Mountain, naye alikuwa ameijenga huzuni ya filamu ile juu ya gitaa na nyuzi chache. Nataja jambo hili kwa sababu moja. Mwaka ule sauti ndogo, za mtu mmoja na chombo chake, zilithibitisha kwamba zinaweza kuubeba mzigo uliozoea kubebwa na okestra nzima. Vijana wanaodhani kwamba muziki wa filamu hauwezekani bila mashine za gharama kubwa wanapaswa kulitafakari hilo.

Kuna hatari moja ambayo lazima niitaje. Watengenezaji wa filamu wa ng'ambo wakiupenda wimbo, huweza kuufanya kuwa sauti ya Afrika nzima, kana kwamba bara hili lina mvua moja na kinanda kimoja. Nyatiti si sauti ya Afrika. Ni sauti ya watu fulani wa ufuko fulani, na nguvu yake inatoka hapo. Majirani wao Wakurya wa Tarime wana litungu, nalo ni kinanda cha nyuzi 8, lakini husema kwa sauti nzito tofauti kabisa. Kumheshimu Ogada ni kumtaja kwa jina lake na kwa mahali pake.

Mwenzake wa kaskazini

Si yeye peke yake aliyepita njia hii. Geoffrey Oryema wa Uganda alizaliwa Soroti mwaka 1953, mtoto wa Erinayo Oryema, Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda na baadaye waziri. Baba huyo alikuwa mpigaji wa nanga, kinanda cha nyuzi cha Waacholi, na ndiye aliyemfundisha mwanawe. Februari 1977 aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Charles Oboth-Ofumbi, wakati wa utawala wa Idi Amin. Kijana Geoffrey alivushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, kisha akafika Ufaransa.

Mwaka 1990 alitoa albamu Exile, iliyosimamiwa na Mwingereza Brian Eno, kwa kampuni ile ile ya Real World. Wimbo mmoja wa albamu hiyo, Yé Yé Yé, ulichaguliwa kuwa muziki wa kufungulia kipindi cha usiku cha utamaduni cha televisheni ya Ufaransa, Le Cercle de minuit, kilichorushwa na France 2 katika miaka ya 1990. Wafaransa walikaa kuwasikiliza wanafalsafa na waandishi wao wakiwa wamekwisha kukaribishwa na sauti ya Mwacholi. Oryema alifariki Ufaransa tarehe 22 Juni 2018, miezi michache kabla ya Ogada. Watu wawili wa nyuzi, mmoja wa nanga na mwingine wa nyatiti, waliondoka karibu pamoja.

Wimbo mmoja, mikono mingi

Narudi kwenye Kothbiro, kwa sababu safari yake ina somo la haki. Kabla ya albamu ya mwaka 1993, wimbo huo ulikuwa umerekodiwa na Black Savage katika miaka ya 1970, na aliyeshiriki katika utunzi wake ni James Mbarack Achieng wa bendi hiyo. Ukapita kwenye magitaa ya umeme, ukaingia kwenye nyatiti, ukaingia kwenye filamu ya mwaka 2005. Juni 2018 mwanamuziki wa Marekani Kanye West akachukua kipande cha rekodi ile ya zamani ya Black Savage na kukitumia katika wimbo wake Yikes. Majina ya Achieng na Ogada yaliandikwa miongoni mwa watunzi.

Tulitazame jambo hili kwa makini. Miaka 40 baada ya vijana wa Nairobi kuingia studio, majina yao yaliweza kupatikana kwa sababu kulikuwa na rekodi na maandishi. Wapo wapigaji wangapi wa kanda yetu ya ziwa ambao sauti zao zikichukuliwa leo hakuna karatasi hata moja itakayosema ni zao? Sauti isiyo na maandishi huokotwa na yeyote, na aliyeiokota hahesabiwi kuwa mwizi, kwa kuwa hakuna anayejitokeza kudai.

Ukerewe ina nini mkononi

Kisiwa hiki kina enanga. Kipande cha mti hufukuliwa katikati kikawa na umbo la mtumbwi mpana, kisha uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huku mpaka zikapatikana nyuzi kadhaa. Wahaya ng'ambo ya magharibi wanayo, Wakerewe wanayo, na nanga ya Waacholi aliyofundishwa Oryema ni ndugu yake. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia miaka akizichunguza tendi za enanga za Wahaya, akaonyesha kwamba ni fasihi nzito yenye mashujaa, vita na kanuni zake za utunzi. Mpiga enanga ni msimulizi. Anaunda mandhari, anaingiza mhusika, anakawiza tukio, anaacha nyuzi ziseme pale maneno yanapokoma. Hizo zote ni kazi za muziki wa filamu, nasi tulikuwa nazo kabla ya kamera.

Tena kisiwa hiki kinajua thamani ya kusimama katika lugha ya nyumbani. Mzee Aniceti Kitereza aliikamilisha riwaya yake kuu kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokiandika mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, akaifasiri kwa Kiingereza kutoka katika Kikerewe chenyewe. Kitereza aliandika juu ya bwana, bibi, watoto na mashamba ya kisiwani, na dunia ikamfuata huku. Ogada aliimba juu ya ng'ombe na mvua, dunia ikamfuata kule. Lakini Kitereza alisubiri miaka 35 kuchapishwa. Tusiwasubirishe watunzi wetu hivyo.

Kuna jambo zito ambalo siwezi kulipita nikiwa Nansio. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Ipo siku kijana wa visiwa hivi atatengeneza filamu juu ya msiba ule, na ni haki yake. Muziki gani utakaa chini ya picha zile? Akichukua mlio wa huzuni wa kompyuta, uliotungwa na mtu asiyejua hata ziwa letu liko wapi, atakuwa amewazika watu wetu kwa dua ya wageni. Akimwendea mpiga enanga, au mama anayejua nyimbo za kilio za Wakara, picha zitasema na wafiwa kwa sauti wanayoitambua. Na hata wa mbali ataelewa, kama alivyomwelewa Ogada.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa shule na walimu. Warekodini wapigaji wazee sasa. Simu nzuri, chumba kimya na mtu mvumilivu vinatosha kuanzia. Andikeni jina la mpigaji, kijiji chake, jina la wimbo, aliyemfundisha, na siku ya kurekodi. Nakala moja ibaki shuleni na nyingine kwa familia yake. Ng'ambo, pale Kisesa, Makumbusho ya Bujora yametuonyesha kwamba watu wa ziwa wanaweza kuhifadhi ngoma na vyombo vyao kwa vizazi vingi.

La pili ni kwa watengenezaji wa filamu wa Mwanza na kanda yote. Msimwite mwanamuziki picha ikiwa imekwisha kukatwa na kesho inatoka. Mwiteni muswada unapoandikwa, asome, aone mahali pa mapigo na mahali pa kimya. Katika filamu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, taarabu imo ndani ya hadithi yenyewe, na mwanamuziki Siti Amina wa Zanzibar ni mmoja wa waigizaji. Muziki haukuletwa mwishoni kuziba mapengo.

La tatu ni kwa wanamuziki wenyewe. Msikubali makubaliano ya mdomo, hata na rafiki. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi ya hakimiliki ya COSOTA ipo. Mkataba uandikwe: nani ametunga, nani amepiga, filamu itatumika wapi, malipo ni kiasi gani, na ikirushwa tena mtunzi anapata nini. Na jina lake lisomeke kwenye kioo kwa herufi ambazo mama yake ataweza kuzisoma.

Ayub Ogada hakutuachia okestra wala jengo. Alituachia ushahidi kwamba chombo cha ufuko huu, kikipigwa na mtu anayekijua na kukiamini, kinatosha kubeba filamu kubwa ya dunia. Ushahidi ukishatolewa, mwenye kesi hana budi kusimama na kudai haki yake. Kesi hii ni yetu, watu wa ziwa.

Mungu amrehemu Ayub Ogada.